Nani Hupanga Siku ya Kusasisha?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, miaka kumi na miezi michache baada ya kuitoa. Habari hiyo ina uzito wake katika mji kama Machakos. Laptopu nyingi zinazouzwa madukani ni za mtumba, zile ambazo wauzaji huziita ex-UK, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na kichakataji cha miaka ya karibuni. Mashine ya mwaka 2015 haitimizi masharti hayo hata kama kibodi yake ni nzima na betri bado inakaa na chaji. Ndiyo maana ushauri wa kuweka Linux, ambao zamani ulizunguka miongoni mwa wanafunzi wa kompyuta tu, sasa unamhusu mwalimu wa Kathiani, karani wa chama cha ushirika Kangundo na mwenye saiba kando ya stendi ya mabasi.

Anayepewa ushauri huo huambiwa mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba mfumo huu ni rahisi, na kwamba ni salama. Mawili hayo hayakai pamoja bila kuvutana. Usalama hudai masasisho ya mara kwa mara, kwa kuwa nyufa mpya hugunduliwa kila wiki. Urahisi, kwa mtu ambaye kompyuta kwake ni chombo cha kazi, hudai mashine ya leo ifanane na ya jana: kitufe kiwe pale pale, printa iitike, faili lifunguke. Jamii mbalimbali za Linux zimeusuluhisha mvutano huu kwa njia zinazotofautiana sana, na kila njia ina busara yake. Nikizilinganisha, swali ninaloliona kuwa kiini cha jambo ni hili: nani hupanga siku ya kusasisha, na nani hulipa gharama yake?

Debian ndiyo yenye subira kuliko zote. Ian Murdock aliianzisha Agosti 1993, na mpaka leo inaendeshwa na watu wanaojitolea kutoka pembe nyingi za dunia. Toleo lake thabiti hutoka takriban kila baada ya miaka miwili: la 11 Agosti 2021, la 12 Juni 2023, la 13 Agosti 2025. Kanuni ni kwamba toleo hutoka likiwa tayari, na likishatoka halibadiliki sura. Ufa wa kiusalama ukionekana, wasimamizi hawamletei mtumiaji programu mpya yenye menyu mpya. Huchukua mistari michache ya msimbo inayoziba ufa huo, wakaishona ndani ya programu ile ile ya zamani, kisha wakaongeza alama mwishoni mwa nambari yake, kama vile deb12u1, ishara kwamba hiki ni kiraka cha kwanza kilichotiwa kwa ajili ya Debian 12. Vivinjari kama Firefox vimeruhusiwa kukiuka kanuni hiyo, maana wavuti haungoji mtu. Vingine vyote hukaa kimya kwa miaka. Kazi ya kushona viraka ni ngumu na haina makofi, nami naiheshimu kuliko kazi nyingi zinazosifiwa katika ulimwengu wa kompyuta.

Arch Linux, iliyoanzishwa na Judd Vinet wa Kanada mwaka 2002, imepita njia nyingine kabisa. Haina matoleo; ni mto unaotiririka. Amri moja, pacman -Syu, huleta kila kilicho kipya, kuanzia kerneli hadi kikokotoo. Watu wa Arch nao husema wanatafuta urahisi, na wana haki ya kusema hivyo. Urahisi wanaoutaka ni wa fundi: programu ifike jinsi mwandishi wake alivyoitoa, bila nyongeza za mtu wa kati, ili mwenye mashine aweze kuielewa yote. Urahisi wa Debian ni wa mpangaji, ambaye angependa paa lisivuje bila yeye kupanda juu. Arch humtaka mtumiaji asome matangazo ya mradi kabla ya kusasisha, na asisasishe nusu nusu. Ni mapatano ya watu wazima, na anayeyatimiza hupata mashine nyepesi na mpya daima.

Lakini mapatano hayo yana mazingira yake. Laptopu ya Arch iliyofungiwa kabatini muhula mzima hukutana na rundo la gigabaiti siku inapowashwa, na mara nyingi funguo za kuhakiki sahihi za mafurushi huwa zimepitwa na wakati, hivyo lazima zisasishwe kwanza kabla ya kingine chochote. Aliye na mtandao wa nyaya saa zote haoni shida hapo. Anayenunua bando la wiki ataiona.

Je, upya ndio usalama? Matukio mawili yanajibu kwa sauti mbili. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux, yalipachikwa mlango wa siri kwa makusudi. Matoleo hayo yalikuwa yamefika kwenye matawi ya majaribio ya Debian na Fedora na kwa mifumo inayotiririka; Debian thabiti haikuguswa, kwa sababu haikuwa na haraka. Hapo mwendo wa kobe uliokoa watu. Lakini Aprili 2014, ufa wa Heartbleed ulipotangazwa katika maktaba ya OpenSSL, Debian thabiti ya wakati huo ilikuwa nao, na aliyechelewa kupokea kiraka aliacha siri za seva yake wazi kwa yeyote mwenye ujuzi. Subira juu ya vitu vipya ni ngao. Subira juu ya viraka ni hatari. Wanaochanganya mambo haya mawili, kwa kusema “mimi sisasishi, mashine yangu iko sawa,” wanajivika ngao isiyokuwepo.

Ubuntu ilijaribu kuoanisha kalenda hizo mbili, ya Debian na ya Arch. Ni mfumo wenye asili ya Afrika kwa mwanzilishi wake: Mark Shuttleworth alizaliwa Welkom, Afrika Kusini, na toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, kampuni yake ya Canonical ilituma CD bure kwa posta kwa aliyeomba popote duniani. Kwetu hilo lilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009 tu. Kabla ya hapo kupakua mfumo mzima kwa njia ya setilaiti lilikuwa jambo la anasa. Ubuntu hutoa toleo kila miezi sita kwa wenye hamu, na kila mwaka wa pili, mwezi Aprili, hutoa toleo la muda mrefu lenye matunzo ya miaka mitano. Viraka vya usalama hujiweka vyenyewe bila kuuliza.

Huko kutouliza ndiko kunakostahili kutazamwa kwa karibu, na mahali pa kutazamia ni saiba mnamo Juni, wakati watu wanakimbilia kuwasilisha ritani za KRA kabla ya tarehe 30. Ratiba ya Ubuntu imepangwa iangalie masasisho kila siku, na mashine ikiwa imezimwa saa ile, deni hukumbukwa na kulipwa punde inapowashwa. Kwenye seva isiyozimwa, mpango huo hauna dosari. Kwenye saiba, mashine zote huwashwa asubuhi kwa pamoja, na zote huanza kuvuta mafurushi yale yale asubuhi hiyo hiyo, mteja wa kwanza akiwa tayari ameketi na namba yake ya PIN mkononi. Firefox nayo, tangu Ubuntu 21.10, huja kama snap, aina ya furushi inayojikagua mara nne kwa siku. Intaneti inakuwa nzito, mteja ananung'unika, na mwenye saiba anaona bando likiisha bila yeye kulitumia. Stima ikipotea katikati, basi apt itagoma siku inayofuata na kudai mtu aandike sudo dpkg --configure -a ili imalizie ilipoachia. Kwa fundi hayo ni maneno ya kawaida. Kwa karani ni ukuta.

Hakuna aliyekosea hapa. Waliopanga ratiba walifikiria mashine isiyolala na mtandao usiolipiwa kwa megabaiti. Sisi tunaishi kwenye mashine inayolala na mtandao unaohesabiwa.

Linux Mint, aliyoianzisha Clement Lefebvre mwaka 2006 juu ya msingi wa Ubuntu, ilichagua kumwachia mtumiaji. Kidirisha chake cha masasisho huonyesha orodha, hueleza kila kimoja ni cha nini, na mwenye mashine hubonyeza akipenda. Tangu mwisho wa 2017 huja na Timeshift, inayohifadhi picha ya mfumo ili mtu aweze kurudi nyuma mambo yakiharibika. Ni adabu nzuri. Hata hivyo Februari 2021 wasimamizi wa Mint waliandika wito wa wazi wakiwasihi watu wasasishe, kwa sababu wengi waliachiwa hiari wakaiacha ilale. Baadhi yao walikuwa bado kwenye Mint 17, ambayo matunzo yake yalikoma Aprili 2019. Toleo la 20.2 likaongezewa vikumbusho. Windows ilitembea kutoka upande wa pili kuelekea pale pale. Mwaka 2015 mtumiaji wa Windows 10 ya nyumbani hakuweza kukataa sasisho. Mwaka 2019 Microsoft ikamruhusu kuliahirisha, siku saba kwa wakati mmoja, hadi siku 35. Kabla hatujalaumu ukali wa mwanzo tukumbuke WannaCry, iliyolipuka Mei 2017 na kukwamisha hospitali za Uingereza miezi miwili baada ya kiraka chake kutolewa. Mmoja alianza na hiari akaongeza msukumo, mwingine alianza na amri akaongeza hiari.

Machakos ina historia yake ya matunzo ya amri na ya hiari, nayo ni ya udongo. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliiona milima ya Ukambani ikimomonyoka, ikaagiza mifugo ipunguzwe kwa nguvu na ardhi ihifadhiwe kwa kazi ya lazima. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa ng'ombe. Mbingu akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Mengi ya matuta membamba ya enzi ya amri hayakudumu. Kuanzia miaka ya 1950 ikaenea aina nyingine, fanya juu: mtaro unachimbwa kukata mteremko, udongo unatupwa upande wa juu, na mvua za miaka zinalisawazisha shamba lenyewe. Vikundi vya mwethya viliifanya kazi hiyo kwa pamoja, shamba baada ya shamba, na baada ya Uhuru iliendelea bila kiboko. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kizima, More People, Less Erosion, kueleza jinsi wilaya hii ilivyoongezeka watu maradufu kadhaa huku mmomonyoko ukipungua.

Naiweka historia hiyo kando ya masasisho kwa sababu enzi zote mbili zilikubaliana juu ya lengo: udongo ulindwe. Zilitofautiana juu ya nani apange kazi, lini, na kwa faida ya nani. Tuta la fanya juu halijitunzi. Kingo hubomoka, mtaro hujaa, na mwenye shamba huurekebisha wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Oktoba ambazo Ukambani hutegemea kwa mavuno. Hakuna mkulima anayesubiri gharika ndipo atafute jembe. Na hakuna anayekubali aitwe shambani siku ya soko.

Jadi nyingine imejaribu kuliondoa swali lenyewe. ChromeOS ya Google, ambayo ndani yake ni Linux, hubeba nakala mbili za mfumo. Moja inafanya kazi, nyingine imelala. Sasisho huandikwa kwenye ile iliyolala, na mashine ikiwashwa upya huhamia huko. Ikishindwa kuwaka, hurudi kwenye ya zamani. Endless OS, iliyotengenezwa juu ya Debian kwa watu wenye intaneti haba, na Fedora Silverblue, hufuata wazo la karibu na hilo. Kwa mji ambao stima hupotea bila taarifa, uzuri wa mpango huu ni dhahiri: mfumo hauachwi nusu umejengwa. Bei yake ni nafasi kwenye diski, programu nzito zaidi za kupakua, na mwenye mashine kukosa ruhusa ya kugusa kuta. Tena Chromebook ina tarehe ya kuachwa iliyopangwa na kampuni, ingawa mwaka 2023 Google iliisogeza hadi miaka kumi. Debian kwenye laptopu ya mtumba haina tarehe kama hiyo, ilimradi vifaa vinapumua.

Hadi hapa tumemtazama mtumiaji mmoja mmoja. Jimbo la Kerala, India, lilimtazama kama shule. Mradi wake wa IT@School ulianza mwaka 2001, baadaye ukawa taasisi iitwayo KITE, na ukajenga mfumo wake juu ya matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu, programu za masomo zikiwa zimeshawekwa ndani. Mwalimu wa kijijini Kerala hahitaji kuamua kama atahamia toleo jipya. Taasisi huamua kwa niaba ya jimbo zima, huandaa walimu, kisha shule huhama pamoja. Mojawapo ya matoleo yao limejengwa juu ya Ubuntu 22.04. Kuba ilifika karibu na hapo kwa njia ndefu: mfumo wake wa Nova, kutoka Chuo Kikuu cha Sayansi ya Kompyuta cha Havana, ulianza juu ya Gentoo, ambamo programu hujengwa kutoka msimbo chanzo, kisha ukahamia Ubuntu. Katika nchi hizo mbili kuna mtu anayelipwa kufikiria sasisho. Kwetu mtu huyo ni fundi aliyeweka mfumo, akapokea pesa zake, akaenda.

Afrika Mashariki imewahi kuonja kazi ya namna hiyo. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na kwa muda ilionekana kwamba mkulima na karani wangeandika barua kwenye kompyuta inayosema lugha yao. Tafsiri, kwa bahati mbaya, ni sehemu ya mfumo inayozeeka upesi kuliko zote. Kila toleo jipya huleta maneno mapya kwenye menyu, na yasipotafsiriwa, skrini hugeuka mchanganyiko wa Kiswahili na Kiingereza. OpenOffice yenyewe iligawanyika mwaka 2010 na LibreOffice ikazaliwa. Sasisho lililomletea mtumiaji wa Berlin usalama na urembo lilimpunguzia mtumiaji wa Dodoma uelewa. Hasara hiyo haionekani kwenye orodha yoyote ya mabadiliko, nami naihesabu kuwa kubwa.

Nikiyapima yote, nawashauri watu wa Machakos hivi. Mtu wa kawaida achukue mfumo wenye matunzo marefu: Debian thabiti au Mint kama anataka utulivu, Ubuntu ya miaka mitano kama amezoea. Arch aachiwe anayefurahia kusoma matangazo yake. Ni furaha halali, na wapo vijana wa Chuo Kikuu cha Machakos ambao itawafundisha mengi. Viraka vya usalama vijiweke vyenyewe, lakini kwa saa iliyopangwa na mwenye mashine: jioni saiba inapofungwa, au Jumapili, laptopu ikiwa imechomekwa na betri imejaa. Snap inaweza kuzuiwa kwa snap refresh --hold na kufunguliwa siku hiyo hiyo. Timeshift iwashwe kabla ya kingine chochote. Mwenye mashine kumi aweke apt-cacher-ng kwenye moja, ili furushi lipakuliwe mara moja na nyingine tisa zilichukue humo ndani bila kugusa bando. Huo ni mwethya wa kompyuta, na Debian huutoa bure.

Kuhama toleo zima ni kazi tofauti na kutia viraka, na isifanywe peke yako usiku wa kuamkia siku ya mitihani. Ingefaa mafundi wa mji wakubaliane na wateja wao juu ya msimu mmoja wa kuhama, labda likizo ya Agosti, na waandike kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya laptopu tarehe ambayo matunzo ya mfumo huo yatakoma. Fundi anayeweka Linux bila kumwambia mteja tarehe hiyo amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki itamwangukia asiyeijua. Matunzo ya kawaida ya Ubuntu 22.04 na ya Mint 21 yanakoma mwaka 2027. Mwenye mojawapo na aanze sasa kumtafuta wa kuhama naye.